Mshahara wa mshauri: mwongozo kamili wa kugharamia afya ya akili ya watoto wadogo katika kliniki ya watoto

Mama ameleta mtoto wa miezi 4 kupimwa uzito. Mtoto anaongezeka vizuri, chanjo zimekwenda sawa, kadi haina doa. Lakini mtoto hamtafuti mama kwa macho, na mama naye hamtazami mtoto. Akiulizwa kama anapata usingizi, machozi yanamtoka. Daktari ameona, muuguzi ameona. Nje wanasubiri watoto 30, na katika jengo zima hakuna hata mtu mmoja anayelipwa ili akae na mama huyu kwa dakika 40. Anaambiwa ajitahidi kupumzika, arudi mwezi ujao.

Mwongozo huu unahusu namna ya kumlipa mtu huyo anayekosekana. Nimeona huduma za aina hii zikianzishwa kwa furaha na kufungwa kimya kimya baada ya miaka miwili, na karibu mara zote chanzo kilikuwa kimoja: fedha ya muda ilipewa kazi ya kudumu. Mfadhili alilipa mishahara, muda wake ukaisha, mshauri akaondoka, familia zikabaki na namba ya simu isiyopokelewa. Kwa hiyo kanuni nitakayoirudia ni hii: mshahara utafutiwe fedha inayorudi kila mwezi, na fedha inayokuja mara moja ilipie mambo yanayofanywa mara moja. Hatua zote zilizo hapa chini zimejengwa juu ya kanuni hiyo.

Hatua ya 1: Eleza huduma kwa maneno ambayo mlipaji atayaelewa

Ukitamka "afya ya akili ya mtoto mchanga" mbele ya ofisa wa bima, kinachomjia kichwani ni kichanga kimelazwa kwenye kochi la daktari wa akili. Usimlaumu; mweleze. Tunazungumzia uwezo wa mtoto wa kuhisi, kuonyesha anachohisi, kutulizwa, kumzoea na kumwamini mlezi wake, na kuyachunguza mazingira yake bila hofu. Uwezo huo hujengwa baina ya watu wawili. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Edward Tronick alionyesha jambo hili kwa njia rahisi sana: mama anayecheza na mtoto wake anaambiwa aukaze uso, asitabasamu wala kujibu. Muda mfupi tu, mtoto anaanza kumwita kwa sauti, kwa mikono, kwa macho. Akishindwa, anageuza uso na kunyong'onyea. Mtu akishaisikia habari hii, hahitaji mhadhara.

Lakini ugumu wa fedha unaanzia hapo hapo. Mteja ni mtoto na mlezi kwa pamoja, ilhali mifumo ya malipo imejengwa kwa mtu mmoja, faili moja, ugonjwa mmoja. Mama anaumwa, mtoto ndiye mwenye faili. Au mtoto hana ugonjwa wowote wenye jina, ana uhusiano unaoyumba. Sehemu kubwa ya kazi yako itakuwa kuziba pengo hili.

Gawa huduma katika tabaka tatu, kwa sababu kila tabaka lina mlipaji wake. Mpango wa HealthySteps wa Marekani, unaoweka mtaalamu wa makuzi ya mtoto ndani ya kliniki ya watoto, umetumia mgawanyo wa namna hii na ni mzuri kuuiga. Tabaka la kwanza ni la watoto wote: dodoso fupi, maswali machache kwa mlezi, maelezo kuhusu usingizi, kulia na kucheza. La pili ni la familia zenye tatizo la muda: vikao vichache na mshauri pale pale kliniki. La tatu ni la familia chache zenye mzigo mzito, kama vile sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) ya mzazi, ukatili nyumbani, au mtoto aliyepoteza mlezi. Hawa wanahitaji vikao vingi na mtu wa kuwafuatilia.

Tabaka la kwanza hulipwa kama kinga, la pili kama ushauri, la tatu kama tiba. Ukiyachanganya yote katika ombi moja, kila mlipaji atakuambia kwamba hilo ni jukumu la mwenzake.

Hatua ya 2: Hesabu saa kabla ya kuhesabu fedha

Kliniki nyingi huanza kwa kuuliza mshauri analipwa kiasi gani. Anza kwa kuuliza ana saa ngapi.

Tuseme kliniki yako ina watoto 1,000 walio chini ya miaka 3. Tuseme tena kwamba kwa makadirio yako familia 15 katika kila 100 zinahitaji msaada wa muda, vikao 4 kila moja, na familia 5 katika kila 100 zinahitaji msaada mrefu, vikao 10 kila moja. Familia 150 mara vikao 4 ni vikao 600. Familia 50 mara vikao 10 ni vikao 500. Jumla ni vikao 1,100 kwa mwaka.

Sasa mtazame mshauri mmoja. Ondoa likizo, sikukuu, mafunzo na siku za kuugua, anabaki na wiki kama 44 za kazi. Vikao 5 kwa siku, siku 5 kwa wiki: 1,100. Kumbe kliniki hii inahitaji mshauri mmoja wa muda wote, na akiongezewa kazi ya mapokezi au takwimu, familia zitakosa nafasi.

Vikao 5 kwa siku vinaonekana vichache hadi ukumbuke yanayofanyika katikati. Kila kikao cha dakika 45 kina dakika 15 za kuandika. Kuna simu za kuwakumbusha watu miadi, simu kwa ofisi ya ustawi wa jamii, kuitwa ghafla chumba cha daktari ili aonane na mama anayelia sasa hivi. Huko kuitwa ghafla ndiko faida kubwa ya kuwa na mshauri ndani ya jengo, kwa sababu mzazi aliyemwona mshauri uso kwa uso hata kwa dakika 5 ni rahisi zaidi kurudi kuliko aliyepewa karatasi ya rufaa. Na hakuna mlipaji anayezilipia dakika hizo 5. Ziandike kwenye bajeti kama muda usiolipiwa; usipoziandika zitaila bajeti hiyo bila kuonekana.

Kisha jumlisha gharama zote za mwaka: mshahara na makato yake, saa za mtaalamu mwandamizi anayemsimamia mshauri, chumba, simu, madodoso, muda wa karani anayeandaa madai, mafunzo ya marudio, na akiba kwa ajili ya kumpata mrithi pale mshauri atakapoondoka. Gawanya kwa vikao 1,100. Namba unayoipata ndiyo gharama halisi ya kikao kimoja. Iandike mahali unapoiona kila siku. Bila namba hiyo utakubali malipo yoyote utakayopewa, na utakuwa unapata hasara kwa kila familia unayoihudumia.

Fanya hesabu moja zaidi. Kama bima italipia vikao 6 katika kila 10, vile 4 vinavyobaki vitalipwa na nani? Andika jibu kwa jina la chanzo. Kuandika "wafadhili mbalimbali" si kujibu.

Hatua ya 3: Dai kwanza fedha ambayo tayari ipo

Hapa nitakaa kwa muda, kwa kuwa ndipo fedha nyingi hupotea bila mtu kujua. Kabla ya kuandika andiko la mradi, kaa na mhasibu na karani wa madai, mfungue mikataba yote ya bima na orodha ya huduma zinazolipiwa. Tafuteni maneno haya: upimaji wa makuzi, ushauri, elimu kwa mzazi, tathmini ya tabia, kikao cha familia, mahudhurio marefu. Mara nyingi kuna kipengele ambacho kliniki haijawahi kukidai, kwa sababu aliyesaini mkataba hakukaa chini kuusoma na watu wa kliniki.

Marekani inatupa mfano unaofundisha, kwa kuwa mlango ulifunguliwa kidogo kidogo. Tangu mwaka 1967 Medicaid, bima ya umma kwa watu wa kipato cha chini, imekuwa na kipengele kinachotaka watoto wapimwe mapema, na kinachogundulika kitibiwe. Mwaka 2016 serikali kuu ilieleza rasmi kwamba majimbo yanaweza kulipia upimaji wa sonona ya mama wakati wa hudhurio la mtoto, kwa bima ya mtoto, kwa sababu hali ya mama ni hatari kwa afya ya mtoto. Mwaka 2017 ukaanza kutumika msimbo wa malipo (namba inayoandikwa kwenye dai ili huduma itambulike) 96161, uliotengenezwa kwa ajili ya kumpima mlezi kwa manufaa ya mgonjwa. Mwaka 2023 California ikaingiza katika bima yake ya umma huduma za mtoto na mlezi wakiwa pamoja, bila kulazimisha kwanza mtoto apewe jina la ugonjwa.

Tazama mpangilio wake: kwanza kupima, kisha kumpima mzazi kwa jina la mtoto, kisha kuwahudumia wote wawili, mwisho kuondoa sharti la ugonjwa. Kama mlipaji wako bado yuko kwenye ngazi ya kwanza, omba ngazi ya pili. Ukiomba ya nne utafungiwa mlango.

Ukikutana na mlipaji, uliza maswali haya na uombe majibu kwa maandishi:

- Ni kada gani za watumishi zinazoruhusiwa kutoa huduma hii: daktari tu, au pia muuguzi, mwanasaikolojia, mshauri nasaha, ofisa ustawi wa jamii?
- Je, mshauri anaweza kudai chini ya usajili wa daktari anayemsimamia?
- Hudhurio la chanjo na kikao cha ushauri vikifanyika siku moja, vyote vinalipwa?
- Mwisho wa vikao ni vingapi kwa mwaka, na nani anaidhinisha nyongeza?
- Sababu ipi ya hudhurio inakubalika kama mtoto hana ugonjwa?
- Dai likikataliwa, kuna siku ngapi za kukata rufaa?

Swali la tatu limeziumiza kliniki nyingi kuliko mengine yote. Walipaji wengi hulipa huduma moja tu kwa siku, na hivyo kufuta maana nzima ya kumwona mshauri siku ile ile mtoto anapochanjwa. Kama kuna jambo moja tu la kulipigania kwenye mkataba wako, pigania hilo.

Kuhusu swali la tano: mfumo wa kimataifa wa kuainisha magonjwa, ICD-10, una sura nzima inayoanza na herufi Z, kwa ajili ya sababu za kuhudhuria ambazo si ugonjwa, ikiwemo matatizo ya malezi na ya familia. Uliza kama mlipaji anazitambua. Kwa watoto wenye hali inayostahili jina, kuna mwongozo wa uainishaji uitwao DC:0–5, uliotolewa mwaka 2016 na shirika la ZERO TO THREE kwa ajili ya watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 5. Wataalamu huuoanisha na misimbo ya ICD ili dai lipite.

Usimpachike mtoto jina la ugonjwa asionao ili kikao kilipwe. Najua kishawishi chake, na najua hufanywa kwa nia njema. Lakini jina hilo litamfuata kwenye faili miaka mingi, litasomwa shuleni au na bima nyingine, na siku ukaguzi utakapofika kliniki itarudisha fedha yote. Kikao kisicho na msimbo wa halali kilipiwe na fungu jingine.

Hatua ya 4: Chagua madodoso ambayo hayatakuumiza kwa gharama, na usipime kabla hujawa na pa kupeleka

Kwa mlezi, EPDS, dodoso la sonona baada ya kujifungua lililoandaliwa Edinburgh na kuchapishwa mwaka 1987, ina maswali 10 na hujazwa kwa dakika chache. PHQ-9, dodoso la sonona kwa mtu mzima yeyote, ina maswali 9, na mawili ya mwanzo hutumika peke yake kama chujio. Kwa mtoto, SWYC hupakuliwa bure na hupima makuzi, tabia na hali ya familia kwa pamoja hadi karibu na miaka 5 na nusu. ASQ:SE-2, dodoso la hisia na mahusiano ya mtoto, ni nzuri lakini huuzwa, basi gharama yake iwekwe kwenye fungu la kuanzishia. Popote unapofanya kazi, tafuta tafsiri iliyokwisha kupimwa usahihi wake kwa watu wanaozungumza lugha ile. Kutafsiri mwenyewe usiku mmoja huharibu kipimo.

Swali la 10 la EPDS linauliza kuhusu wazo la kujidhuru. Siku unapoanza kuliuliza, lazima awepo mtu wa kulishughulikia jibu lake siku ile ile, ndani ya saa ile ile. Kliniki isiyo na utaratibu huo isianze kupima kwa ajili ya kupata malipo ya upimaji. Ninasema hivi kwa uzito wote nilio nao.

Jibu la mama likihifadhiwa kwenye faili la mtoto, nani anaweza kulisoma? Mzazi mwingine mwenye haki ya faili, mahakama kwenye kesi ya malezi, kampuni ya bima. Amueni mapema: faili la mtoto liandikwe kwamba upimaji umefanyika na hatua imechukuliwa, huku majibu yenyewe yakiwekwa sehemu yenye ulinzi. Na kabla ya kutuma dai, angalieni taarifa ya bima inatumwa kwa nani. Mwanamke anayepigwa nyumbani hatakiwi kugundulika kwa barua iliyoandikwa "ushauri" na kutumwa kwa mwenye kadi.

Hatua ya 5: Mpe mlipaji hoja inayoingia kwenye vitabu vyake

Hoja ya huruma humgusa mtu na kuishia hapo, kwa kuwa bajeti hupitishwa na kamati. Kamati huuliza mambo matatu: tatizo ni kubwa kiasi gani, huduma inafanya kazi, na nani anafaidika.

Kwa la kwanza, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea ni karibu asilimia 20. Weka namba hiyo pembeni ya idadi ya watoto wachanga wa kliniki yako, halafu weka ya kwako mwenyewe mara tu utakapokuwa nayo.

Kwa la pili, jaribio la Pakistan lililochapishwa mwaka 2008 linafaa sana. Wahudumu wa afya wa ngazi ya kijiji, ambao hawakuwa wataalamu wa akili, walifundishwa kuwashauri akina mama wenye sonona wanapowatembelea nyumbani. Miezi 6 baada ya kujifungua, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, wakati kwa waliotembelewa bila ushauri huo walikuwa asilimia 53. Shirika la Afya Duniani limeutoa mwongozo wake kwa ajili ya matumizi ya nchi nyingine. Hoja unayoipata humo ni ya bajeti pia: kazi kubwa inaweza kufanywa na mtu wa kada ya kati mwenye mafunzo na usimamizi mzuri. Kutoka Jamaika, watoto waliodumaa waliotembelewa kila wiki kwa miaka miwili katika miaka ya 1980, wakiwa na mama zao katika michezo ya kujifunza, walikuja kupata kipato cha asilimia 25 zaidi ya wenzao walipofuatiliwa miaka 20 baadaye.

La tatu ndilo gumu, na usilikwepe. Uchambuzi uliofanyika Uingereza mwaka 2014 ulikadiria kwamba katika gharama zote zinazoletwa na matatizo ya akili ya mama wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua, asilimia 72 hutokana na athari kwa mtoto. Nyingi huja baadaye, na huangukia shule, ustawi wa jamii na mahakama. Maana yake bima inayolipa leo huenda isiione faida yake. Ataiona waziri wa elimu. Ukimwahidi mtu wa bima kwamba ataokoa fedha nyingi mwaka ujao, atafanya hesabu na kukuona huaminiki. Mwahidi kile kinachomhusu kweli: mahudhurio ya chanjo yaliyokamilika, mama wasiofikia hatua ya kulazwa, safari chache za dharura kwa mtoto anayelia usiku bila ugonjwa. Hoja ya miaka 20 ipeleke serikalini.

Hatua ya 6: Serikali ina kalenda, na ina watu

Fedha ya serikali haiombwi mwezi wa kuitumia. Fahamu bajeti inaanza kuandaliwa mwezi gani, nani anaandika rasimu ya kwanza, na peleka ukurasa wako mmoja kabla rasimu haijafungwa. Baada ya hapo utapokelewa kwa heshima tu.

Usiombe fedha peke yake. Omba mtu. Ofisa ustawi wa jamii au muuguzi wa afya ya akili aliyeko tayari kwenye orodha ya mishahara ya serikali anaweza kuhamishiwa kliniki kwako siku mbili kwa wiki kwa hati ya makubaliano. Kwa mkuu wa idara ni rahisi kuliko kutafuta fungu jipya, na kwako ni mshahara wa kudumu. Hakikisheni hati inasema nani anamsimamia, nani anampa likizo, na nini kitatokea akihamishwa.

Mpangilio wa Malezi Jumuishi uliotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia una nguzo 5: afya njema, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, usalama na ulinzi, na fursa za kujifunza mapema. Serikali nyingi zimeuingiza kwenye mipango yao. Tafuta mpango wa kwenu, nukuu kifungu chake, na onyesha kwamba huduma yako inatekeleza kile kilichokwisha kusainiwa.

Hatua ya 7: Andiko la ruzuku

Sasa ruzuku. Nimeiweka hapa makusudi, ingawa wengi huanzia hapa.

Ruzuku ilipie mafunzo ya mwanzo, ununuzi wa madodoso, kutengeneza mfumo wa kumbukumbu, kukarabati chumba, tathmini ya matokeo, na ile miezi ambayo mshauri ameanza kazi lakini madai bado hayajaanza kulipwa. Hiyo ya mwisho husahauliwa. Kati ya kikao cha kwanza na malipo yake ya kwanza inaweza kupita miezi, na mshahara hausubiri. Omba fungu la kuvukia, na uliite hivyo.

Mfadhili akitaka sana kulipia mshahara, kubali kwa ngazi inayoshuka: mwaka wa kwanza alipe wote, wa pili nusu, wa tatu robo, huku safu ya pembeni ikionyesha ni chanzo gani kinapanda kadiri yeye anavyoshuka. Jedwali hilo moja huaminika kuliko kurasa 10 za maelezo.

Maandiko mengi ya watoto huanza na "samaki mkunje angali mbichi". Methali ni ya kweli, na msomaji ameisoma mara 40 wiki hiyo. Anza na kliniki yako: watoto wangapi, walezi wangapi walipimwa mwezi uliopita, wangapi walihitaji msaada, wangapi waliupata. Kama walipimwa 80, wakahitaji 14 na wakapata 2, basi ile 12 inayobaki ndiyo andiko lako. Hata kama hujaanza huduma, unaweza kufanya upimaji wa mwezi mmoja kwa kushirikiana na hospitali yenye kitengo cha akili itakayowapokea watakaogundulika, ukapata namba za kweli.

Epuka ruzuku inayokuletea kazi nyingine. Taarifa za kila mwezi, dodoso jipya refu, kundi la watoto ambalo si lako: hesabu saa zake kama ulivyohesabu vikao, na kama zinazidi thamani ya fedha, shukuru na ukatae.

Hatua ya 8: Mtaalamu bingwa agawanywe

Daktari bingwa wa akili wa watoto ni adimu kila mahali, na kliniki moja haiwezi kumwajiri. Jimbo la Massachusetts, Marekani, lilianza mwaka 2004 mpango ambao daktari wa watoto akikwama anapiga simu na kuzungumza na bingwa siku hiyo hiyo. Fedha za umma ziliulipia, na baadaye kampuni za bima zikatakiwa kuchangia. Kliniki 4 au 5 zinaweza kufanya jambo hilo kwa udogo wake: zichange kulipia saa 3 za bingwa kwa wiki, saa moja ya kujadili kesi pamoja, mbili za simu. Kila kliniki ilipe kulingana na idadi ya watoto wake, na fedha ikae kwenye akaunti ya mmoja kwa makubaliano ya maandishi.

Saa hizo zisiwe za kwanza kukatwa bajeti ikibana. Mshauri anayesikiliza habari za watoto waliojeruhiwa siku 5 kwa wiki bila mtu wa kumsikiliza yeye hudumu muda mfupi, na kumfundisha mwingine ni ghali kuliko saa hizo.

Hatua ya 9: Kumbukumbu chache, kila mwezi

Walezi waliopimwa kati ya waliostahili. Waliokutwa na tatizo. Waliofika kikao cha kwanza. Waliopimwa tena baada ya miezi 3 na kupata nafuu. Madai yaliyotumwa, yaliyolipwa, yaliyokataliwa na sababu yake. Basi. Karatasi moja.

Madai yaliyokataliwa yasomwe kila wiki na mtu mwenye jina. Makosa mengi hurudia yale yale: tarehe, kada ya mtoa huduma, idhini iliyosahaulika. Kwenye kliniki moja niliyofanya nayo kazi, karani mmoja aliketi alasiri moja na rundo la madai ya miezi mitatu, akakuta karibu yote yamekataliwa kwa sababu ya kisanduku kimoja kilichoachwa wazi. Fedha ile ilikuwa imeshatolewa jasho, ilibaki kuifuata.

Hatua ya 10: Mwezi wa 9 hadi wa 18

Mwezi wa 9 tangu mradi uanze, ukiwa na takwimu za miezi 6, rudi kwa mlipaji mkubwa kuliko wote. Usingoje ruzuku iishe. Acha ombi la kulipwa kikao kwa kikao, omba nyongeza ndogo ya mwezi kwa kila mtoto aliyeandikishwa chini ya miaka 5. Gharama yako ya mwaka igawe kwa idadi ya watoto hao, kisha kwa miezi 12; kiasi kinachotoka kwa kawaida ni kidogo kiasi cha kumfanya ofisa aulize mara mbili kama umekosea. Malipo ya aina hii yanalipia hata zile dakika 5 za chumba cha daktari, simu, na tabaka lote la kwanza.

Akikataa, omba majaribio ya mwaka mmoja kwa watoto wake tu, na lengo moja mtakalokubaliana wote, kwa mfano asilimia ya walezi waliogundulika na wakafika kikao cha kwanza ndani ya siku 14. Weka tarehe ya mapitio kwenye mkataba huo huo, angalau miezi 4 kabla haujaisha, na uandike ni nani kati ya pande mbili anayeitisha kikao hicho.